Ethi juu ya mwamba: shajara ya nyumba yetu kilimani Mwanza

Jumamosi, 8 Juni 2024

Ethi rodi, ile fimbo ya chuma ya kuunganisha umeme wa nyumba na ardhi ili shoti isimdhuru mtu, imegoma. Fundi ameipigilia kwa nyundo ya kilo 5 pembeni ya ukuta wa stoo, karibu na pale itakapokaa mita ya LUKU. Ikazama sentimita 55, halafu ikaanza kulia kama reli inayogongwa. Akahamia hatua tatu kulia: sentimita 40. Akaenda nyuma ya choo: sentimita 30, na rodi ikapinda shingo. Rodi yenyewe ina urefu wa mita 1.2 na unene wa milimita 16, chuma kilichovikwa shaba.

Mwanza si pa kushangaa jambo hili. Matale, yaani miamba migumu, yaliyosimama majini pale Bismarck Rock ndiyo hayo hayo yaliyobeba nyumba za Igogo, Bugarika na Mabatini, na ndiyo yaliyobeba na yetu huku kilimani upande wa Nyegezi. Mwaka jana tulichoma mwamba kwa kuni wiki tatu, tukaumwagia maji, tukaupiga nyundo, ndipo tukapata nafasi ya chumba cha watoto. Kokoto zote za zege letu zimetoka hapo hapo kiwanjani.

Fundi akafuta jasho, akasema, "Mwalimu, hapa tunakata. Kilichoingia kinatosha, tunafunga klampu, tunaziba kwa saruji. Mkaguzi akija ataona waya umeingia chini."

Hakusema kwa ubaya. Ndivyo alivyofundishwa na aliyemfundisha, na ndivyo zilivyofungwa nyumba nyingi za vilimani. Nikamwomba akae chini kwanza, nikamsimulia habari ya mama.

Mwaka 2019 tulikuwa tumepanga nyumba, nayo ya mwambani. Friji ilikuwa ikitutekenya vidole kila tulipoishika, hasa tukiwa miguu mitupu. Tukaweka kipande cha zulia mbele yake, tukazoea. Asubuhi moja mama alikuwa anapiga deki jikoni, sakafu imelowa, akashika mpini wa friji. Shoti ikamtupa ukutani, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Namshukuru Mungu alipona. Lakini breka, ile swichi ya kukata umeme penye hitilafu, haikushuka. Hata taa haikupepesa. Tulipobomoa kibonge cha saruji nje ya ukuta tulikuta waya wa kijani na njano umefungwa vizuri kabisa, klampu mpya, skrubu imekazwa, yote kwenye kipande cha rodi cha sentimita 28 kilichokatwa kwa msumeno na kusimamishwa juu ya jiwe.

Fundi alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Sasa tutafanyaje, mwalimu? Mwamba ni mwamba." Ni swali la haki, na ndiyo sababu ya shajara hii. Nafundisha fizikia kidato cha tatu na cha nne. Sheria ya Ohm nimeiandika ubaoni mara zisizohesabika, lakini udongo wa kiwanja changu mwenyewe sijawahi kuupima.

Jumamosi, 22 Juni

Rafiki anayefundisha chuo cha ufundi ametuazima mashine ya kupima ethi, ile ya vigingi vinne. Tumeshinda nayo kutwa nzima.

Kupima juu ya mwamba kuna kazi yake, maana vigingi vya mashine navyo haviingii. Tulifanya hivi: tukajaza udongo mwekundu kwenye viroba vidogo, tukavilowesha maji, tukavilaza juu ya jiwe na kuchomeka vigingi humo. Kiroba kikikauka namba zinaruka, kwa hiyo kijana wa fundi alikuwa anazunguka na kopo la maji.

Vigingi vinne hupangwa kwenye mstari mmoja kwa nafasi sawa. Viwili vya pembeni hupitisha mkondo na viwili vya kati husoma volti. Ukizidisha namba ya mashine kwa 6.28, kisha kwa nafasi ya vigingi kwa mita, unapata ukinzani wa udongo wenyewe, yaani jinsi unavyozuia mkondo, kwa ohmu-mita. Huku juu, nyumba ilipo, kwa nafasi ya mita 2 tulisoma ohmu 190, yaani karibu ohmu-mita 2,400. Kona ya chini ya kiwanja, kwenye migomba, tulisoma ohmu 14, ambayo ni kama ohmu-mita 176. Ni kiwanja kimoja na hatua hazifiki sitini, lakini tofauti ni zaidi ya mara kumi na tatu.

Halafu tukapima ile rodi iliyoingia sentimita 55. Ohmu 1,310.

Nilimwita fundi na kijana wake kivulini tukapiga hesabu pamoja kwenye kipande cha gypsum. Waya wa moto ukigusa mwili wa friji, volti 230 zinasukuma mkondo kupitia ethi: 230 kugawanya kwa 1,310 ni ampea 0.18. Birika la umeme la kilowati 2 linavuta karibu ampea 9 na breka inalibeba bila kuguna. Breka ya ampea 20 ya aina B hushuka papo hapo mkondo ukifika mara tatu hadi tano ya kiwango chake, yaani ampea 60 hadi 100. Sasa hiyo 0.18 itaijuaje? Friji itakaa na karibu volti zote 230 mwilini, siku na wiki, mpaka mtu mwenye miguu iliyolowa aishike.

Kijana akauliza, tukipata ethi ya ohmu 20 breka itashuka? Tukagawanya: ampea 11.5. Haishuki hata hiyo! Nyumba inayotegemea ethi yake yenyewe ardhini haiwezi kulindwa na breka peke yake, labda ethi iwe chini ya ohmu chache sana, na hizo juu ya matale hazipatikani. Kwa hiyo RCD ni lazima, ile inayolinganisha mkondo unaotoka na unaorudi na kukata tofauti ikizidi miliampea 30.

Fundi akachangamka: "Basi tuweke RCD, rodi tuiache ilivyo." Kwa karatasi hakukosea. Kanuni inasema ukinzani wa ethi ukizidishwa kwa mkondo wa kuangusha RCD usizidi volti 50, na 50 kugawanya kwa 0.03 ni ohmu 1,667. Hata rodi yetu fupi imo ndani. Lakini hii ni Juni, udongo bado una unyevu wa masika. Septemba rodi ile ile itasoma ngapi? Waingereza katika kanuni zao wanaonya kwamba ethi inayozidi ohmu 200 huenda isitulie, itapanda na kushuka na majira. Na RCD ni chombo, kina springi na kina vumbi, kinaweza kukwama. Siku kitakapokwama nataka ardhi yenyewe iwe bado inafanya kazi.

Jumamosi, 6 Julai

Wiki nzima kila mtu amekuwa na ushauri. Mzee jirani, ambaye namheshimu sana na ndiye aliyetufundisha kuchoma mwamba bila matairi, anasema tutindue shimo, tumwage gunia la chumvi na gunia la mkaa, tuchomeke rodi, na kila kiangazi tumwagie maji. "Shikamoo mzee," nikamwambia, "nitakujibu nikishafikiri."

Nimefikiri. Chumvi inashusha ukinzani kweli, na inashusha haraka. Lakini mvua mbili tatu za Mwanza zitaifyonza na kuiteremsha mlimani, na chini yetu kuna kisima cha watu. Tena chumvi hula klampu na hula chuma pale shaba ilipochubuka. Baada ya miaka michache unabaki na shimo la mwamba lenye kutu, na wewe unaamini una ethi. Mkaa sina ugomvi nao mkubwa, ila mkaa uliolowa hupitisha umeme na mkaa mkavu wa kwenye mwamba unakuwa kama haupo.

Nilimweleza mzee kisimani ndipo akakubali. Kuhusu kisima hakubishana hata kidogo.

Tulijaribu pia rodi ya kulaza. Kanuni za Marekani zinaruhusu, ukikuta mwamba, rodi iingie kwa mshazari usiozidi nyuzi 45 kutoka wima, na ikishindikana hapo ilazwe ndani ya mtaro wa kina cha sentimita 75. Mshazari ulitupa sentimita 70 kisha jiwe. Lakini neno la kulaza lilinikaa kichwani. Tumekuwa tukipigana kwenda chini, na chini ni matale. Udongo wetu uko pembeni, umeteremkia kwenye migomba.

Jumamosi, 13 Julai

Mpango umepatikana, nao una miguu miwili.

Mguu wa kwanza ni mtaro wa kutoka ukuta wa stoo hadi kona ya migomba, mita 34, na ndani yake waya mtupu wa shaba wa milimita mraba 25, maana chini ya unene huo shaba tupu haifai kuachwa udongoni miaka mingi. Kwa waya uliolazwa hesabu ya harakaharaka ni mara mbili ya ukinzani wa udongo, gawanya kwa urefu. Mita 22 za chini ndizo zitafanya kazi karibu yote. Nikichukulia ohmu-mita 250 kwa kiangazi, napata kama ohmu 23. Mita 12 za juu, kwenye changarawe na mwamba, ni njia ya kupitia tu.

Mguu wa pili sikuuona mpaka nilipokaa juu ya rundo la nondo nikinywa uji. Msingi wa nyumba yetu, kama nyumba nyingi za hapa, ni wa mawe. Nondo ziko kwenye mkanda juu ya mawe, hazigusi udongo popote. Hapo nafasi imepita. Lakini ukuta wa kuzuia udongo, kule chini mtelemkoni, bado hatujaumwaga. Kitako chake ni mita 14 za zege lenye nondo nne za milimita 12, limelala ndani ya udongo wenye unyevu.

Habari hii ina historia yake na niliwapa mafundi wakati wa chai. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Jeshi la Marekani lilikuwa na maghala ya mabomu Arizona, nchi ya jangwa, na lilihitaji ethi za kuyakinga na radi. Mhandisi Herbert Ufer akatumia nondo zilizomo ndani ya zege la msingi, na vipimo vya miaka iliyofuata vikaonyesha ethi hizo zimebaki nzuri, ingawa ardhi ni kavu. Zege hunyonya unyevu na kuushikilia. Likilowa, ukinzani wake ni kama ohmu-mita 30 hadi 90, pungufu mno kuliko matale yetu ya 2,400. Hadi leo Wamarekani wanaiita ethi ya Ufer, na kanuni zao zinataka angalau mita 6 za nondo ya unene wa milimita 12 hivi, iliyozungukwa na sentimita 5 za zege lililogusa udongo moja kwa moja.

Fundi alisikiliza kwa makini kuliko wanafunzi wangu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nyumba ngapi nimefunga, mwalimu, na misingi yote tumeimwaga bila kutoa hata kipande cha nondo."

Jumamosi, 3 Agosti

Siku nne za mtaro. Kina sentimita 70 huku chini na 40 tu huku juu, ambako mtaimbo ulirudi nyuma kila mara. Sehemu mbili ilibidi tuwashe kuni juu ya jiwe usiku na kulitindua asubuhi.

Tumepishana na bomba la karo kwa mita moja na nusu, lakini maji ya bafuni nimeyapeleka kwenye shimo la mawe karibu na mwisho wa mtaro. Migomba itayapenda, na waya utapata unyevu hata Agosti.

Alhamisi, 8 Agosti, Nane Nane

Watu wote wako kwenye maonyesho, sisi tuko mtaroni.

Kaka yangu ameleta kirikuu cha udongo mweusi wa mbuga kutoka Misungwi, ule unaonata kwenye jembe la mpunga. Udongo huu ni mfinyanzi, ndugu wa karibu wa bentonaiti inayouzwa kwa mifuko, na unashika maji kwa ukaidi mkubwa. Ubaya wake kila mkulima anaujua: ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mguu, na ukipasuka unaachana na waya. Ndiyo maana hatukuuweka juu. Tumeuponda, tumeukoroga na maji mpaka ukawa kama ugali laini, tukatandika sentimita 15, tukalaza waya katikati, tukafunika kwa sentimita 15 nyingine, kisha udongo mwekundu ulioshindiliwa, na juu kabisa vipande bapa vya mawe ili jua lisipige moja kwa moja.

Waya ni mmoja bila kiungo. Bei ya mita moja ilinirudisha nyumbani mara mbili kupiga hesabu upya, na vigae vya sebuleni vimesogezwa mwakani. Sijuti. Tumefukia siku hiyo hiyo kabla ya giza, maana shaba ikilala wazi usiku mmoja asubuhi unaikuta kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Kwenye mwisho wa mtaro, ndani ya migomba, rodi imeingia yote! Mita 1.2 nzima, tukaunga na ya pili, nayo ikaingia nusu. Fundi alicheka peke yake kama mtoto.

Jumamosi, 24 Agosti

Nusura tuharibu kila kitu. Nilifika saa moja asubuhi siku ya kumwaga kitako cha ukuta, nikakuta vijana wametandika karatasi ya nailoni chini yote, safi, imekunjwa pembe. Walifanya kwa nia njema ili zege lisinyonywe maji na udongo. Lakini nailoni hiyo ndiyo ingetenganisha zege na ardhi, na ethi yetu ingelala ndani ya mfuko wa plastiki maisha yake yote. Tukaitoa, tukalowesha udongo kwa maji mengi, tukaendelea.

Nondo zote nne zimefungwa kwa ringi na bainding waya kila sentimita 20, na moja tumeichomea kwa weldi na kipande cha nondo kilichotoka nje, kimesimama ndani ya kisanduku cha zege chenye mfuniko. Hapo ndipo waya wa shaba utakapoungwa kwa klampu, hewani, panapoonekana na kupimika. Kiungo cha shaba na chuma ndani ya udongo wenye maji kisingedumu.

Kuna jambo nililokaribia kukosea. Dukani nilishauriwa ninunue utepe wa chuma cha zinki kwa ajili ya mtaro, kwa kuwa bei ni nafuu. Peke yake mtaroni usingekuwa na neno kubwa. Lakini chuma kilichomo ndani ya zege kina tabia ya umeme inayokaribiana na ya shaba, na ukikiunganisha na zinki iliyomo udongoni umetengeneza betri. Zinki ndiyo inayoliwa, ikiisha linafuata chuma lenyewe. Shaba udongoni na nondo ndani ya zege wanaishi pamoja bila kulana. Kama pesa zingenishinda ningebaki na kitako cha zege peke yake, kuliko kuchanganya.

Jumamosi, 14 Septemba

Siku ya kupima. Zege lina wiki tatu, mvua hakuna tangu Juni, vumbi tupu.

Mara ya kwanza mashine ilisoma ohmu 6 kwa miguu yote miwili. Vijana wakashangilia. Mimi sikuiamini, na kwa kweli haikuwa kweli. Ethi ndefu kama yetu ina kivuli kikubwa ardhini, yaani udongo mpana unaobeba volti yake, na kigingi cha volti tulikichomeka ndani ya kivuli hicho, kwa hiyo kilikuwa kinasoma sehemu tu ya ukinzani. Tukaomba ruhusa kwa majirani wawili, tukavuta waya wa kigingi cha mkondo hadi mita 150, tukawa tunasogeza kigingi cha volti kidogo kidogo na kuandika. Namba ilipanda, ikapanda, kisha mahali fulani baada ya nusu ya njia ikatulia: 21, 22, 22, 23. Pale inapotulia ndipo panapoaminika.

Mtaro peke yake ohmu 31. Kitako cha ukuta peke yake 44. Vikiungwa pamoja, 22. Mwanafunzi wangu angekokotoa 18, lakini miguu hii miwili iko jirani na inagawana udongo mmoja, kwa hiyo haipati nafuu yote. Ile rodi ya stoo ya sentimita 55, ambayo hatukuing'oa, imepanda kutoka 1,310 hadi 2,150. Imepita hata ile 1,667 ya RCD. Miezi mitatu tu ya kiangazi.

Nilimpigia simu mama palepale.

Jumamosi, 16 Novemba

Vuli imekuja na radi zake. Anayeishi hapa anajua usiku wa Ziwa Victoria: mawingu yanajikusanya juu ya maji, na kabla ya alfajiri mbingu inapasuka. Ziwa hili ni miongoni mwa mahali penye radi nyingi zaidi Afrika, na sisi tumejenga kilimani.

Kwa radi ni lazima niseme wazi ili ndugu zangu wasije wakadhani ohmu 22 ni ngao. Radi ni maelfu ya ampea. Ampea 10,000 zikipita kwenye ohmu 22 nyumba nzima inapanda volti 220,000 kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Hakuna ethi ya kwenye mwamba itakayozuia hilo. Kinachookoa ni vitu vyote kupanda pamoja, kwa sababu shoti hutokana na tofauti. Kwa hiyo wiki mbili hizi tumeunganisha: bomba la chuma la maji mahali linapoingia, nondo za mkanda kupitia kipande tulichokiacha nje, grili za madirisha, mabati ya paa, nguzo ya antena, vyote kwenye kipande kimoja cha shaba chini ya meni swichi. Fundi wa antena alitaka kupiga rodi yake pekee. Nilikataa. Ethi mbili zisizofungwa pamoja, usiku wa radi, zinakuwa na volti tofauti, na anayesimama kati yake ni televisheni au ni mtoto.

Ndani ya boksi tumeweka kinga ya radi yenye waya mfupi kadiri ilivyowezekana, RCD ya miliampea 100 inayochelewa kidogo kwa nyumba nzima, na za miliampea 30 kwa soketi, jiko na bafu. Zikipangwa vizuri, kosa la jikoni litazima jikoni tu.

Mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, amefanya vipimo vyake na kujaza fomu, TANESCO wamefunga mita. Kipimo cha leo baada ya mvua ni ohmu 15.

Jumamosi, 6 Septemba 2025

Sikuandika kwa muda mrefu kwa sababu hakukuwa na la kuandika. Tulihamia Januari. RCD ya jikoni ilishuka mara moja, mwezi Machi. Tulikuta pasi ya zamani imechubuka waya. Tumeitupa.

Leo ndicho kipimo nilichokuwa nakisubiri, mwisho wa kiangazi kamili cha kwanza. Kigingi pale pale, mita 150 zile zile, majirani wamezoea. Ohmu 27. Nilitegemea 30 na kitu. Nilipofukua kidogo mwisho wa mtaro udongo mweusi ulikuwa bado umeshikana na waya, hauna ufa, baridi mkononi. Sehemu ya juu karibu na stoo umeanza kutengana, nimeongeza mawe ya kufunika na nitauangalia tena.

Mama ndiye anayebonyeza kitufe cha majaribio cha RCD zote kila mwanzo wa mwezi, kabla ya kanisani. Anataka afanye mwenyewe. Zulia mbele ya friji alilitafuta wiki ya kwanza, nikamwambia halipo.

Ndani ya mfuniko wa kisanduku nimeandika kwa rangi: 22, 14/9/2024. 15, 16/11/2024. 27, 6/9/2025. Chini yake nimeacha nafasi. Jumatatu jirani wa upande wa kusini anamwaga zege la kitako chake, na fundi amekwisha kwenda kumwonyesha pa kutoa nondo na kumwambia asitandike nailoni.